Tanga tuache kuwasingizia wapangaji: VVU na magonjwa ya zinaa yanafuata barabara na mshahara, hayafuati kabila

Binti Manamba (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa zangu.

Nimekaa na jambo hili siku nne, nimeona nikinyamaza halitanitoka. Jumapili tulikuwa na mkutano wa mtaa. Ajenda zilikuwa taka na taa za barabarani. Tulipofika kwenye mengineyo akasimama baba mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akasema tangu vijana wa bomba la mafuta waanze kupanga mtaani kwetu, hasa "hawa wa Njombe na Mbeya", gonjwa limeingia. Akapendekeza mwenye nyumba asimpokee mpangaji mpaka alete cheti cha kipimo. Watu wakapiga makofi. Nyuma yangu alikuwa amekaa kijana mmoja Mbena, mtu wa Njombe, fundi wa kuchomelea, amepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na miguuni alikuwa na ndala.

Mimi ni mtoto wa manamba. Marehemu baba alitolewa Njombe mwaka 1959, akaja na wenzake kukata mkonge Korogwe, akapewa namba kabla ya kuulizwa jina. Ndiko neno lenyewe lilikotoka. Kambini wanaume walijaa, wanawake wa kuhesabika, kazi ya kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Ukikimaliza unalipwa, ukishalipwa njia inaelekea kilabuni. Wazee wa mkonge wanakumbuka vizuri jinsi kisonono na kaswende vilivyotembea kwenye makambi yale. Walioitwa wachafu ni Waha, Wabena, Wamakonde, Wanyamwezi, yaani watu wa kuja. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyejenga kambi ya wanaume watupu, wake zao wakaachwa safari ya siku kadhaa nyuma. Leo miaka sitini na ushei imepita, na maneno ni yale yale, tofauti ni kwamba sasa yanasemwa kwenye kipaza sauti.

Takwimu zipo na sizikatai. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 uliikuta Njombe na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati nchi nzima kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4. Lakini ramani haikuanza hivi. Wagonjwa watatu wa kwanza waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kufika 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Kagera ilikuwa imetoka vitani miaka michache tu nyuma, magendo ya mpakani yamepamba moto, na ugonjwa wakauita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiingizwa kutoka Uganda. Hata jina la kwanza la ugonjwa watu walilichukua kwenye biashara ya mpakani. Enzi zile Mhaya, mtu wa Kagera, akipanda basi, jirani yake kwenye kiti anasogea. Leo hakuna anayemkimbia Mhaya, kidole kimehamia kwa Mbena. Damu ya Mhaya haikubadilika, wala ya Mbena.

Tazameni Njombe ilivyokaa. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia, barabara ya Songea, na stesheni ya TAZARA. Kuna chai, kuna mbao, kuna watu wanaoingia na kutoka kwa msimu. Kuna wanaume wengi ambao mila yao haikuwatahiri utotoni. Vikikutana hivyo vyote, namba inapanda, awe anaishi pale Mbena au Mdigo.

Na sisi je? Tuna bandari, Horohoro na mpaka wa Kenya, Segera ambako magari ya Arusha, Dar na Tanga yanapishana, na sasa Chongoleani kunakojengwa matangi ya bomba. Huu ndio mji wa waja leo waondoka leo. Tukianza kumwogopa mgeni tutabaki na nani?

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwaka wa 14 huu. Naomba tujadili kwa hoja, na wenye uzoefu waseme.

Mzee wa Makorora

Binti, umeandika kwa adabu na mimi nitajibu kwa adabu. Nina mabinti watatu nyumbani. Asilimia 12.7 hukuitunga wewe wala mimi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Huku pwani sisi vijana wetu wote wamepita jandoni, Zanzibar pale haifiki hata asilimia moja. Sasa mtu akitoka mahali ambako katika kila wanane mmoja anao, akaja kupanga ukuta mmoja na mwanangu, nikiuliza cheti nimekosa nini? Sisemi afukuzwe. Nasema tujue.

Nesi Mstaafu, Muheza

Kaka yangu wa Makorora, nimekuelewa, mimi pia ni mzazi. Ngoja nianze na hilo la tohara kwa sababu hapa pwani linatulaza usingizi.

Majaribio matatu yalifanyika: Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu kwa jirani zetu Wakenya, na Rakai, Uganda. Yalionyesha mwanaume aliyetahiriwa anapungukiwa hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Asilimia 40 inayobaki iko palepale. Na kinga hiyo ni ya mwanaume. Binti yako hakingwi na jando la mwanaume aliye naye, kama mwanaume huyo ameshaambukizwa. Kisonono nacho hakiulizi mtu alipita jandoni au la.

Nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye zahanati ya shamba la mkonge. Kalenda yangu ilikuwa siku ya mshahara. Siku ya nne au ya tano baada ya malipo wanaume wanaanza kuja, hawasemi kitu mbele ya watu, wanangoja foleni iishe. Ukimuuliza anasema "mkojo unachoma". Ukimuuliza umekunywa nini, anatoa mfukoni kapsuli mbili zilizobaki, amenunua dukani nusu dozi, kalipia alichoweza. Usaha umekauka, ameamini amepona, amerudi kwa mkewe. Mke haoni dalili yoyote, maana klamidia na kisonono kwa wanawake wengi hukaa kimya kabisa, mpaka siku anakuja kulalamika miaka mitano hajashika mimba. Wale wake walikuwa wenyeji, wasichana wa vijiji vya jirani, Wazigua na Wabondei. Na waume wengi niliowatibu walikuwa wenyeji vilevile, wapimaji, makarani, madereva wa trekta. Nilikuwa nawapa kadi ya kumwita mwenzi. Kadi nyingi nilizikuta zimetupwa kwenye nyasi nje ya zahanati.

Kwa nini nasisitiza haya magonjwa madogo? Kwa sababu kidonda au usaha sehemu za siri ni mlango wa VVU. Huko Mwanza, kati ya 1991 na 1994, watafiti waliboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida za vijijini: waganga wakafundishwa upya, dawa hazikukatika. Maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban asilimia 40 ukilinganisha na vijiji ambavyo havikupata huduma hiyo. Baadaye Rakai wakagawa dawa kijiji kizima, mwenye dalili na asiye na dalili, punguzo hilo halikuonekana, na wataalamu wanasema sababu mojawapo ni kwamba kule VVU ilikuwa imeshaenea sana. Mimi nilichobaki nacho ni hiki: zahanati yenye dawa na mhudumu asiyekukaripia ilifanya kazi ambayo cheti cha mwenye nyumba hakitaifanya.

Nikimalizia, kaswende haijaisha, jamani. Mama mjamzito akifika kliniki mapema anapimwa VVU na kaswende, na kaswende inatibika kwa sindano ya penisilini. Akichelewa, mtoto anaweza kuzaliwa mfu. Nimewapokea watoto hao kwa mikono yangu.

Utingo wa Zamani

Nimesoma yote kimya kimya, acha na mimi niseme, maana humu hamnijui sura.

Nilikuwa utingo kisha dereva wa malori, Tanga, Dar, Tunduma, Lubumbashi. Pale Tunduma nimewahi kulala siku nane nasubiri karatasi. Siku nane ndani ya kibanda cha gari, joto, posho mfukoni, nyumba ya wageni ipo hatua ishirini. Huo ndio ugonjwa wa mpakani. Foleni ingekuwa ya saa mbili, wengi wetu tungekuwa tumeshapita.

Nilipimwa 2009, nikakutwa nao. Nilipata Tunduma, Segera au hapahapa Tanga? Sijui, na hakuna daktari atakayeweza kuniambia. Kwetu walisema "kauleta Zambia". Mimi sikuleta kitu kwa makusudi.

Mzee wa Makorora, nikuonyeshe kosa moja kwenye hiyo hesabu ya mmoja kati ya wanane. Basi likifika Segera lina abiria 50, haina maana 50 wamepandia Segera. Hizo asilimia zinahesabu wote waliomo ndani ya basi, pamoja na waliopanda miaka 20 iliyopita. Zamani walikuwa wanashuka haraka, yaani wanakufa. Siku hizi kwa dawa hatushuki, tunazeeka nao, kwa hiyo namba ya mkoa inaweza kubaki juu wakati maambukizi mapya yanashuka. Ukitaka kujua hatari ya leo, uliza waliopanda leo ni wangapi na wanapandia wapi.

Tena kuna hili. Nameza kidonge kimoja kila usiku saa tatu. Virusi kwenye damu yangu havionekani kwenye kipimo, miaka mingi sasa, na visipoonekana haviambukizi kwa ngono. Utafiti uliofuatilia wanandoa wa Ulaya ambao mmoja anao na mwingine hana haukukuta hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake aliye katika hali hiyo. Mke wangu hana. Watoto wawili, hawana. Ungenidai cheti ningeandikiwa "ana VVU" na ungeninyima chumba, ukampa mtu asiyejijua kabisa, ambaye ndiye anayeweza kuambukiza.

Mama Ntilie wa Chongoleani

Kaka Utingo, Mungu akuzidishie afya. Umenitoa machozi na unga uko mkononi.

Nawapikia vijana wa kazi kila siku. Saa kumi na mbili asubuhi wameshakula chapati na maharage, wanaingia kazini. Jioni wanarudi wamejaa vumbi, wengine wanakula kwa daftari mpaka mwisho wa mwezi. Sisemi ni malaika, wapo wanaotafuta wanawake. Lakini msichana anayenisaidia kuosha vyombo, ana miaka 17, aliyemsumbua mpaka nikatoka na mwiko ni mwenyeji wa hapahapa, baba mwenye nyumba nne. Alimwambia kodi ya mama yake itasamehewa. Mngekwenda kumpima yeye?

Hizo takwimu za 2022/23 zina jambo ambalo sisi wanawake hatulipiti: wanawake asilimia 5.6, wanaume 3.0. Karibu mara mbili. Na si wanawake wanaozurura mipakani. Wengi wetu limetukuta ndani, kitandani, au kwenye deni kama hilo la kodi.

Binti Manamba

Asanteni sana, hasa wewe kaka Utingo kwa kujitoa hivyo.

Mzee wangu wa Makorora, nimekuelewa hofu yako ya mabinti, nami ninao wawili. Nikuongezee jambo moja lililonibadilisha mimi mwenyewe. Hlabisa, KwaZulu-Natal, wanaume wengi walikuwa wanakwenda kufanya kazi migodini na mijini na kuacha wake vijijini. Kila mtu aliamini mume ndiye anayeleta. Watafiti wakapima wanandoa, matokeo yakachapishwa 2003. Kwenye ndoa ambazo mmoja ana VVU na mwingine hana, karibu mara tatu katika kumi mwenye maambukizi alikuwa mke aliyebaki nyumbani.

Dada Mama Ntilie, najua hapo utaniuliza kama nawageuzia kibao wanawake. Hapana. Mume kaenda miezi kumi na moja, pesa inakuja mara moja kwa robo mwaka au haiji, watoto wanataka ada. Uhamiaji unazigusa nyumba zote mbili, inayopokea na inayoachwa. Mama mdogo wangu kule Njombe aliachwa hivyo na mumewe, tukamzika 1998, na mume akaja kupimwa baadaye akakutwa hana.

Kuhusu cheti: Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inakataza kumpima mtu kwa kumlazimisha, na inakataza ubaguzi na unyanyapaa. Mwenye nyumba hana ruhusa hiyo, wala mkutano wa mtaa. Anayetaka kujua hali yake, tangu 2019 sheria inaruhusu kujipima mwenyewe, na zahanati zinapima bure. Kwa utafiti ule ule wa 2022/23, wenye VVU wanaojijua ni asilimia 82.7 tu. Wakishajijua, karibu wote wanaanza dawa, asilimia 97.9. Kwa hiyo shimo letu liko hapo mwanzoni, kwenye kupima, na hakuna njia nzuri ya kumkimbiza mtu asipime kama kumwambia atakosa chumba.

Na tusisahau huduma nyingine. Aliyebakwa au aliyepasukiwa na kondomu akiwahi ndani ya saa 72 anapewa dawa za siku 28 za kuzuia. Wasichana wana chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, tangu 2018. Mwanamke mwenye VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hiyo.

Mswahili wa Leicester

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Barabara ya 9, nipo Uingereza mwaka wa 16. Huku mgeni anayesingiziwa ni mimi. Utafiti uliofanywa nchi tisa za Ulaya kati ya 2013 na 2015 ulikadiria kwamba asilimia 63 ya wahamiaji wenye VVU waliohojiwa waliupata baada ya kufika Ulaya. Upweke, kukosa vibali, kulala watu sita chumba kimoja, kuogopa hospitali kwa sababu ya karatasi. Nilipousoma nilikumbuka hadithi za babu yangu za makambi ya mkonge ya Amboni.

Aliyerudi Muscat

Sisi tuliokwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni tunapimwa kabla ya kuondoka, VVU, kaswende, homa ya ini, kifua kikuu. Ukikutwa nacho kimojawapo huendi. Niliona dada mmoja Dar akirudishiwa pasipoti yake ndani ya bahasha na wakala, hakuelezwa chochote, akabaki amekaa kwenye benchi mpaka tukafungiwa ofisi. Hakupewa hata karatasi ya kwenda nayo hospitali. Ukifika kule wanapima tena ukihuisha kibali, na ukikutwa umeambukizwa kulekule unarudishwa. Nyumbani watasema umeleta. Kwa hiyo niliondoka na cheti safi, na bado mtaani nilinyooshewa kidole. Mzee, cheti hakimlindi mtu.

Mzee wa Makorora

Nimesoma. La sheria sikulijua. La mwenye nyumba nne limeniuma, kwa sababu nadhani namfahamu. Jumapili ijayo nitasimama niliondoe lile pendekezo, maana nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi. Binti, utakuwepo?

Binti Manamba

Nitakuwepo, baba. Nitakaa mbele.

Mgeni 0417

Samahani kwa kuingilia uzi wenu. Nimejiunga leo. Niko Tanga kikazi, dawa zangu nachukua CTC, kliniki ya wenye VVU, ya Makambako. Nilipaswa kurudi wiki iliyopita, msimamizi hakunipa ruhusa. Nimebakiwa na vidonge vinne. Hapa sina barua ya uhamisho, na nimeogopa kuuliza kwa sababu ya maneno ya mtaani. Nikikaa wiki mbili bila dawa kuna shida?

Binti Manamba

Mdogo wangu, usikae hata siku moja. Ukikatisha, virusi vinaamka na vinaweza kuizoea dawa. Kesho asubuhi nenda CTC yoyote, mwambie wa mapokezi uko safarini na dawa zinaisha. Kadi ukiwa nayo nenda nayo, ukiwa huna nenda na kopo la vidonge, lina jina la dawa. Hawatakufukuza. Kama unaona haya kuingia peke yako nitumie ujumbe wa faragha, nitakusubiri getini, nimevaa kilemba cha bluu. Hutahitaji kunieleza lolote.

Mgeni 0417

Nilikwenda jana. Walipiga simu Makambako, wakaipata namba yangu, wamenipa vya mwezi mmoja wakati wanasubiri barua. Nesi aliniuliza kama nimekula. Asante dada. Hata wewe hukuniuliza natoka wapi.